Chipu ya Televisheni Kuukuu na Mayai ya Kibugu

Nyinyi vijana mnaonijia hapa barazani kila Jumamosi na vibao vyenu vya elektroniki ndani ya maboksi ya viatu, leo kaeni vizuri. Nimechoka na swali moja. "Shosho, mbona hii kitu inasahau kila kitu stima ikipotea?" Inasahau kwa sababu hamkuipa mahali pa kukumbukia! Mmeipa akili, mkaipa taa za kumetameta, kuna mmoja wenu hapa aliipa mpaka wimbo wa kuzaliwa, lakini memori ya kubaki mkasahau kuiweka. Sasa msahaulifu hapo ni nani, mashine ama nyinyi?

Kwa wale wageni, mimi ni Mama Kendi, ingawa hawa huniita shosho, yaani nyanya. Nilikuwa fundi wa redio na televisheni pale Makutano, Meru, tangu nikiwa msichana hadi magoti yalipokataa kukaa dukani. Sasa nimestaafu. Meza yangu iko hapa barazani, chai ya saa nne nainywa ikiwa bado moto, na hakuna mteja wa kuniuliza "bado tu?" Sina malalamiko. Hata huu umri naupenda, kwa kuwa mtu akishazeeka anaruhusiwa kugombeza watoto wa wenyewe.

Nitawapa yote ninayoyajua kuhusu memori. Lakini kuna habari moja nitawapa ambayo sijawahi kuisimulia hapa: jinsi nilivyokaribia kuua mayai sitini na nne ya akina mama wa Kibugu, kule Embu, na nikiwa na uzoefu wa miaka yote hiyo. Hayakuwa mayai ya kununua dukani. Nitafika hapo. Mwenda, zima hiyo simu.

Aliyenifunza kazi alikuwa mzee Ireri, mtu wa Kibugu aliyekuja Meru kutafuta maisha akafungua duka la kutengeneza redio. Siku ya kwanza niliposimama mlangoni pake aliniangalia kutoka juu mpaka chini akasema, "Kama umetumwa kuchukua redio ya baba yako bado haijaisha." Nikamwambia sikutumwa na mtu, nataka kazi. Alicheka mpaka akavua miwani. Halafu akanipa redio mbovu, akaniambia nikiitengeneza kabla ya Ijumaa nibaki, nikishindwa niende nikachume majani chai kama wenzangu. Nilishindwa, na akaniacha nibaki hata hivyo, kwa kuwa nilikuwa nimefagia duka kila asubuhi bila kuambiwa.

Ireri hakutupa kitu jalalani. Televisheni ikifa kabisa, mwenyewe akikataa kurudi kuichukua, tuliifungua tukatoa viungo vyote vilivyo hai, kila aina kwenye mkebe wake. Mikebe ya kakao, ya mafuta ya kupikia, ya maziwa ya mtoto. Ukija na redio yako leo, sehemu inayoimba ndani yake ilitoka kwa marehemu fulani wa juzi. Hivyo ndivyo mafundi wote wa Makutano walivyofanya kazi, na wengi mpaka sasa, kwa sababu kuagiza kitu kipya Nairobi kulikuwa ni kungoja wiki nzima na mteja amekushika shati.

Televisheni za zamani zilikuwa na kifundo cha kuzungusha. Ukiiweka stesheni, ukazima, ukaondoka mwaka mzima, ukirudi kifundo kiko palepale. Hiyo nayo ni memori, msicheke. Kisha zikaja zile za rimoti, na vifundo vikapotea. Sasa stesheni, sauti, mwangaza, upana wa picha, vyote vikawa vinakaa ndani ya kidude cheusi chenye miguu minane, kidogo kuliko punje ya maharagwe.

Sikukijua. Mwalimu mmoja akaniletea televisheni ambayo picha yake imebanwa katikati, mstari mwembamba juu na chini giza. Nilibadilisha kila kitu. Nilibadilisha vitu ambavyo mpaka leo sijui vilikuwa na kazi gani. Siku ya tano Ireri akaja nyuma yangu na kikombe chake, akaangalia, akasema, "Wewe, hii haijaharibika. Hii imesahau."

Akachukua televisheni nyingine ya aina ileile iliyokufa, akang'oa kidude chake chenye miguu minane, akakichomelea kwenye hii ya mwalimu. Ikawaka, picha ikajaa. Tena ikawaka na stesheni za yule mwenye televisheni iliyokufa, na sauti yake, kila kitu kama alivyokiacha. Nilishangaa kama mtoto. Ireri akanieleza kwamba ndiyo maana unatafuta kutoka aina ileile: unakitaka pamoja na yale kinayoyakumbuka. Shikeni hilo, maana miaka mingi baadaye ndilo lililoniangusha.

Haya, tuje kwenu. Nikiwa karibu kustaafu, kijana mmoja aliniletea maikrokontrola, hiki kibao chenu, akitaka nimchomelee waya. Nilipoona kinavyofanya kazi sikulala vizuri wiki hiyo kwa raha. Kompyuta nzima kwenye kiganja! Nikanunua changu, nikajifunza kuandika programu kwa kusoma na kukosea, na mjukuu wangu akinicheka kwa vile nilivyokuwa nikitafuta herufi moja moja.

Jambo la kwanza la kujua: vibao vingine tayari vina memori kidogo ya kubaki ndani yao. Sawa, itumieni. Lakini kila nafasi ya memori hiyo ina idadi ya mara unazoweza kuandika juu yake, na wenye kuitengeneza wanakuahidi mara laki moja. Kusoma soma utakavyo, kuandika ndiko kunakoichosha. Sasa laki moja inasikika nyingi, siyo? Mwenda hapa, na asikasirike maana nampenda, alimtengenezea baba yake kipimo cha mvua, kale ka kindoo kanakojaa kakapinduka na kuhesabiwa. Kazi safi. Lakini programu yake ilikuwa inaandika hesabu kila sekunde. Kila sekunde! Kiangazi chote, mvua hakuna, yeye anaandika sifuri, sifuri, sifuri. Piga hesabu, laki moja ya sekunde inaisha kwa siku moja na masaa machache. Mvua ilipokuja memori ilikuwa imechoka kitambo, ikamwambia baba yake kumenyesha kama wakati wa Nuhu.

"Shosho, si ulisema hutarudia hiyo stori?"

Haya Mwenda, nimedanganya. Dawa yake ni moja: andika tu kitu kikibadilika. Kindoo kikipinduka, andika. Kisipopinduka, kaa kimya.

Jambo la pili. Memori ya ndani ikiwa haitoshi, ongezeni kidude cha nje, kile cha miguu minane cha televisheni. Kwenye mgongo kimeandikwa 24C08 au nambari inayofanana. Waya mbili tu za kuongea, moja ya habari na moja ya mapigo, na kila waya iwe na rezista yake ya kuivuta kuelekea kwenye umeme. Msipoweka rezista kitafanya kazi leo kwa bahati na kesho kikatae, halafu mtasema shosho ametuuzia kibovu. Mguu wa saba ni wa kufunga. Ukiupa umeme hakikubali kuandikwa, kinasoma tu. Niliwahi kupoteza siku nzima nikiandika kwenye chipu iliyofungwa, na ilikuwa inanijibu kwa adabu kabisa kwamba imesikia.

Ukishaandika kipe nafasi ya kumeza, sehemu tano hivi kati ya elfu za sekunde moja, kabla hujakiuliza kitu kingine. Tena memori hii ina kurasa, na kwa hiki ninachosema ukurasa ni nafasi kumi na sita. Ukiandika mfululizo ukapita mwisho wa ukurasa, hakigeuzi kwenda ukurasa unaofuata. Kinarudi juu ya uleule na kufuta ulichoandika mwanzo. Na kwa sababu stima zetu mnazijua, andikeni kitu cha maana mara mbili, sehemu mbili tofauti, ili umeme ukikatika katikati ya neno ibaki nakala moja nzima.

Hayo yote niliyajua. Nayarudia ili msije mkafikiri yaliyotokea Kibugu yalitokea kwa kutojua kazi.

Mzee Ireri alirudi kwao Kibugu uzeeni na akazikwa huko, pembeni ya majani chai yake. Binti yake Wanja ni mwalimu wa shule ya msingi. Ananiita tata, yaani shangazi, tangu akiwa mdogo anakuja dukani kucheza na sumaku za spika. Basi siku moja akanipigia. Kideri, ule ugonjwa wa kuku, kilikuwa kimepita kwenye ule mtelemko wao na kuua kuku karibu wote. Nyumba nyingi zilibaki na kuku mmoja, nyingine hakuna kabisa. Kuku wa kienyeji wale, wa tangu nyanya zao. Akina mama wakakubaliana wakusanye mayai ya wale waliopona, yaanguliwe kwa pamoja, wapate kuanza tena. Waliobaki walikuwa wachache mno kuwangoja waatamie mmoja mmoja.

"Tata, wewe unaweza kutengeneza inkubeta?" akaniuliza. Inkubeta ni sanduku la kuangulia mayai kwa joto la stima.

Nikamwambia, "Naweza hata nikiwa nimefumba macho." Hayo ndiyo maneno yangu, Mungu anisamehe.

Kuangua ni siku ishirini na moja. Joto lisibadilike, hilo ni rahisi. Lakini mayai lazima yageuzwe, maana kuku mwenyewe huyageuza kwa mdomo mchana na usiku. Yasipogeuzwa kitoto kinanata upande mmoja wa ganda. Halafu siku ya kumi na nane unaacha kugeuza, kitoto kijipange kutoka. Kwa hivyo mashine lazima ijue leo ni siku ya ngapi. Na kule Kibugu stima hupotea mara mbili tatu kwa wiki. Inkubeta isiyo na memori, stima ikirudi, inafikiri leo ni siku ya kwanza, na itaendelea kuyabingirisha mayai hadi siku vifaranga vinapogonga ganda.

Mnaona sasa kwa nini nilifurahi? Hii ilikuwa kazi ya memori hasa. Nilitengeneza sanduku la mbao, trei yenye vijiti vya kubingirisha mayai, injini ndogo inayosukuma kila baada ya masaa mawili, na chipu ya miguu minane ya kukumbuka siku. Kila saa moja inaandika ni siku ya ngapi na saa ya ngapi, si zaidi, nisichoshe memori. Stima ikikatika Wanja atafunika sanduku kwa blanketi na kuweka mtungi wa maji moto ndani. Stima ikirudi mashine itaendelea ilipoachia.

Chipu mpya kabisa, ambayo haijawahi kuandikwa, ukiisoma inakupa nambari mia mbili hamsini na tano kila mahali. Basi programu yangu ilisema hivi: ukikuta mia mbili hamsini na tano, hii ni mashine mpya, anza siku ya kwanza. Ukikuta nambari nyingine, hiyo ndiyo siku, endelea. Nikaijaribu mezani wiki mbili na chipu mpya. Nikachomoa umeme, nikarudisha, nikachomoa tena, ikakumbuka kila mara. Nikacheza peke yangu hapa barazani.

Siku moja kabla ya kuipeleka, nikiwa nafungasha, bisibisi ikaponyoka ikavunja mguu wa ile chipu. Sikuwa na nyingine mpya. Sasa mtu aliyelelewa na Ireri atafanya nini? Nilienda kwenye mkebe. Mkebe wa kakao, umejaa chipu za miguu minane za televisheni zilizokufa. Nikachukua moja niliyokumbuka ilitoka kwenye televisheni ya hoteli moja pale Makutano, ile iliyokuwa inasikika mpaka barabarani. Nikaipima, nzima. Nikaichomelea, nikawasha, taa zikawaka, nikazima, nikafunga boksi.

Sikuifuta. Maisha yangu yote nilizichukua chipu zile kwa sababu ya kile zilichokumbuka, mikono yangu haikuwa na mazoea ya kuzifuta. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba kosa lilitoka kwenye kitu nilichokifanya vizuri.

Niliifikisha Kibugu Jumapili. Akina mama walikuja kutoka kanisani na mayai yao kwenye vikapu, yamefungwa kwa leso, na kila mmoja amechora alama yake kwa mkaa ili ayajue yake: msalaba, duara, mstari mmoja, mistari miwili. Sitini na nne. Wa mistari miwili alikuwa Mama Njeru, jirani ya Wanja, mama mnyamavu, na yake yalikuwa sita tu. Kuku wake alikuwa mmoja na alikuwa amepona kideri kwa shida. Aliyapanga mwenyewe kwenye trei, pembeni, karibu na joto, akayagusa kila moja kabla ya kuondoa mkono.

Nikawaonyesha taa tatu. Nyekundu ni joto linapanda, kijani ni joto sawa, njano ni siku za kuangua zimefika. Skrini sikuweka, niliona ni mapambo. Nikawasha, nikawaambia, "Mkiona taa zinawaka jueni kila kitu kiko sawa," nikakimbilia gari la kurudi Meru kabla mvua haijanishika. Ile njano ilikuwa inawaka tangu dakika ya kwanza. Sikuiangalia, na wao wakaona zinawaka nyingi wakafurahi.

Alhamisi asubuhi simu ikalia. Wanja. Mama yake, Shosho Marigu, mjane wa Ireri, alikuwa na mazoea ya kuchungulia kwenye kioo cha sanduku kila akipita, na ndiye aliyeona. "Tata, mama anasema zile alama za mkaa ziko juu tangu Jumapili. Hakuna yai limegeuka."

Nikamwambia, "Yageuzeni kwa mkono sasa hivi, tena kila baada ya masaa mawili, nakuja."

"Itakuwa ni hii stima," Wanja akasema. "Ilipotea Jumatatu, ikarudi na nguvu sana. Imechoma kitu."

Nikajibu, "Huenda."

Neno moja tu. Nilikuwa na nafasi ya kusema sijui, nikasema huenda.

Nilifika mchana, nikaunganisha kompyuta, nikasoma chipu. Nafasi ya siku: ishirini na tatu. Zile nafasi nyingine zote zimejaa nambari ambazo sikuziandika. Basi nikajua papo hapo. Ukitoa zile siku nne, Jumapili ile mashine ilipowaka ilikuta kumi na tisa. Sikuweza kuapa nambari hiyo ilikuwa ni ya sauti ya televisheni ya hoteli ama ya mwangaza wake, lakini ilikuwa kumi na tisa, na mashine yangu ikaamini mayai yana siku kumi na tisa. Ikawasha taa ya njano, ikaacha kugeuza, ikatulia kungoja vifaranga. Ilikuwa inatii kabisa.

Matengenezo yalichukua saa moja. Sikilizeni, hili ndilo nililotaka mjifunze leo. Usimwamini yeyote kwa sababu tu ana kitu cha kusema. Mwanzoni mwa memori andikeni sahihi yenu, nambari nne mlizozichagua wenyewe. Mashine ikiwaka, iulize kwanza: sahihi iko? Ikiwa haipo, futa kila kitu, hata kama ndani kuna nambari zinazoonekana nzuri, uanze upya na uweke sahihi. Tena iulize kama nambari ina maana. Siku ya ishirini na tatu ya kuangua haipo duniani! Nikafanya hivyo, nikaipa siku yake ya kweli, injini ikasukuma, alama za mkaa zikazunguka chini. Shosho Marigu akapiga makofi.

Nikamwambia Wanja, "Nimerekebisha." Hakuniuliza ilikuwa nini. Alikuwa tayari amewaambia wote ni stima, na wote walikubali, kwa maana hakuna mtu Kibugu ambaye stima haijamkosea. Nikaondoka na jina langu zima. Njia nzima niliona aibu, hasa nilipofikiria Ireri, ambaye angesikia ile "huenda" yangu angenitoa dukani.

Siku ishirini na moja zikatimia Jumapili, nikarudi. Nilivisikia vifaranga kabla ya kufika mlangoni. Thelathini na tisa! Vya manjano, vyeusi, vya madoadoa, na akina mama wamejaa sebuleni wakipiga vigelegele. Kwa mayai yaliyolala siku nne bila kugeuzwa ilikuwa ni ajabu, na nilifurahi mpaka machozi. Wakagawana kwa kuangalia maganda: maganda yenye msalaba mangapi, yenye duara mangapi.

Yenye mistari miwili hakuna. Mayai sita ya Mama Njeru yalikuwa yamebaki kwenye trei, mazima.

Mama Njeru alikaa karibu na mlango na kikombe chake cha chai. Wengine wakamwambia pole, mmoja akasema kuku akishapona kideri pengine hatagi tena mayai yenye uhai, akatikisa kichwa kukubali. Mimi nikayachukua yale sita nikaenda nyuma ya jiko, nikayavunja moja moja. Moja lilikuwa maji tu. Matano yalikuwa na kifaranga ndani, kimeota manyoya, kimenata upande mmoja wa ganda. Pale pembeni karibu na joto ndipo palipokuwa pabaya zaidi kwa yai lisilogeuzwa. Nikavifukia.

Nikirudi ndani nikapita mlangoni pa jiko na nikaona kuku amefungwa mguu kwa kamba kwenye nguzo, kuku mwekundu mwenye shingo iliyochakaa. Nikamwuliza Wanja huyo ni wa nini.

"Ni wako, tata. Mgeni aliyetuletea vifaranga atakula nini, mboga ya sukuma wiki? Mama Njeru ndiye amemtoa. Anasema kama mayai yake hayana kitu, afadhali aliwe na fundi."

Niliingia sebuleni nikasimama katikati, nikasema kabla sijapata nafasi ya kufikiri. "Haikuwa stima. Ilikuwa ni mimi." Nikawaeleza yote kwa lugha ya kawaida, kwamba nilitoa kidude kwenye televisheni ya hoteli, nikakiweka bila kukifuta, nacho kikaidanganya mashine kwamba mayai yana siku kumi na tisa. Na kwamba nilijua tangu ile Alhamisi na nikawaacha walaumu stima.

Halafu mama mmoja wa nyuma akasema, "Kumbe hii mayai ilikuwa inakaa na televisheni ya hoteli?" Wengine wakacheka, Shosho Marigu akacheka mpaka akajishika ubavu. Lakini Mama Njeru hakucheka. Aliweka kikombe chini.

"Kwa hivyo kuku yangu si mbaya?"

"Si mbaya, Mama Njeru. Mayai matano kati ya sita yalikuwa na mtoto. Nimeyaona sasa hivi. Niliyeyaua ni mimi."

Aliinuka. Kulikuwa na kisu mezani, kisu cha kukatia mkate. Alikichukua akatoka nacho, na hakuna aliyethubutu kumwuliza kitu. Tulimsikia kuku akilia mara moja huko nje. Wanja akanishika mkono.

Mama Njeru alirudi na kuku mzima chini ya kwapa, kipande cha kamba kikining'inia mguuni. Akakaa palepale mlangoni, akamweka mapajani, akamlainisha manyoya taratibu.

"Ungesubiri kuku yangu aive ndiyo useme?" akaniuliza.

Nilimwambia tu, "Pole, mama."

"Leo utakula githeri, fundi," akasema.

Nikala githeri, mahindi na maharagwe tu, sahani mbili, na yule kuku akinitazama muda wote.